Kalkulasi 2 Majira ya Joto: Mwongozo Kamili kwa Mswahili Anayesoma Texas

Mara ya kwanza nilipoichukua Kalkulasi 2, kozi ya pili ya kalkulasi chuoni, ile ya intigrali na mifululizo, majira ya joto nilidumu siku tisa. Nilikuwa nabeba boksi usiku kwenye ghala moja, natoka saa kumi na moja alfajiri, naibia usingizi kidogo kwenye gari, na saa tatu asubuhi niko darasani namwangalia mwalimu akigeuza x kuwa sekanti kama mtu anayebadilisha shati. Siku ya tisa niliidropu. Ile W, alama ya aliyejiondoa kwenye kozi, iko kwenye transkripti yangu mpaka leo. Mwaka uliofuata nikairudia, wiki zile zile tano, nikatoka na B.

Akili haikuniongezeka kati ya hapo. Nilichobadilisha ni ratiba ya kazi, halafu nikawa nimeelewa somo lenyewe linamtaka mtu nini. Hayo mawili ndiyo nitakayoyaeleza, hatua kwa hatua. Naandika nikiwa Texas, kwa hiyo namba za kozi na kanuni za kudropu ni za huku. Ukiwa Minnesota au Ohio, hizo utaziuliza chuoni kwako. Intigrali ni zile zile.

Kwanza jiulize, haraka ya nini?

Sababu nzuri ya kuichukua majira ya joto ni foleni. Kwenye uhandisi, kompyuta au fizikia, Kalkulasi 2 imekaa mlangoni: Kalkulasi 3 inaisubiri, milinganyo tofautishi inaisubiri, na vyuo vingi havikuruhusu kuingia Fizikia 2 ya wahandisi kama huna hiyo au huichukui pamoja nayo. Mtu aliyemaliza Kalkulasi 1 Mei, akapita Kalkulasi 2 Juni na Julai, anaingia muhula wa Agosti na milango mitatu wazi. Anayesubiri anaweza kupoteza mwaka mzima, maana kozi nyingine za uhandisi hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka.

Sababu ya pili nzuri ni kwamba umetoka kuifanya Kalkulasi 1 na bado ina joto kichwani.

Sababu mbaya ni ile niliyokuwa nayo mimi: "ni wiki tano tu, nitaimaliza fasta." Na kama Kalkulasi 1 uliipata C ya kuponea, nakushauri kwa upendo, acha. Chukua kemia au historia majira haya, hii isome kwa wiki 16 za muhula wa kawaida. Huku hakuna sapu. Ukifeli, F inaandikwa, na unalipia kozi upya kuanzia mwanzo.

Hesabu ya saa kabla ya hesabu ya x

Kanuni za serikali kuu ya Marekani zinaipima krediti moja kama saa moja darasani na angalau saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa muhula wa wiki kama 15. Kozi ya krediti 4, basi, ni saa 12 kwa wiki. Mara 15 unapata 180.

Muhula wa joto haupunguzi hizo 180, unazibana. Ukichagua muhula wa wiki 8 ni saa 22 na nusu kila wiki. Wiki 5 ni saa 36 kila wiki. Hiyo ni ajira kamili. Mimi mara ya kwanza niliiweka juu ya saa 40 za boksi, na foleni za barabara ya I-35 juu yake.

Kwa hiyo kabla hujagusa fomu ya kujiandikisha, chukua karatasi uandike wiki yako nzima, Jumatatu hadi Jumapili, pamoja na ibada, na zamu ya kumpeleka mama kliniki, na arusi ya Jumamosi ambayo hutaweza kuikwepa. Kama hupati saa 36 bila kula usingizi, tafuta muhula wa wiki 8 au 10. Vyuo vingi vya jamii (community college) vinao, ila nafasi huwahi kujaa. Kazi ukiweza ishushe mpaka saa 15 au 20 kwa wiki, na zamu ziwe za jioni au za wikendi. Zamu ya usiku wa manane na kalkulasi havikai nyumba moja.

Mara ya pili nilimfuata msimamizi wangu mwezi Machi, nikamwambia Juni nzima nataka wikendi tu. Alinuna, akakubali. Ningemwambia Mei angekuwa ameshapanga ratiba.

Zungumza na nyumbani pia. Sisi watu wa Afrika Mashariki mtu akiambiwa "shule zimefungwa" anaelewa uko huru. Shangazi atakuomba umsindikize, mdogo wako atataka umfundishe kuendesha gari. Waambie tarehe kamili: kuanzia siku hii hadi siku hii mimi sipo.

Kujiandikisha bila kujichongea

Texas vyuo vya jamii vinatumia namba za kozi za pamoja. Kalkulasi 1 ni MATH 2413, ya pili MATH 2414, ya tatu MATH 2415. Kama wewe ni mwanafunzi wa chuo kikuu na unataka kuifanya kwenye chuo cha jamii karibu na nyumbani kwa sababu ada ni ndogo, namba hiyo ni rafiki yako. Lakini usiitegemee peke yake. Fungua tovuti ya chuo kikuu chako, tafuta jedwali la kozi zinazohamishika, ona MATH 2414 inasimama badala ya kozi yao ipi, kisha umwandikie mshauri wako wa masomo barua pepe. Jibu lake lihifadhi. Maneno ya mdomo hayana ushahidi Septemba.

Uliza mambo mawili. Je, wanataka C au zaidi ndipo waipokee? Karibu kote ni C. Na je, alama yenyewe itaingia kwenye GPA yako, yaani wastani wa alama zako? Vyuo vikuu vingi vinapokea krediti tu, alama haiingii. Kwa mwenye hofu ya kupata C hiyo ni ahueni, ila aliyetegemea A ya kunyanyulia GPA hatapata kitu.

Pesa. Msaada wa Pell, ule wa serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, unaweza kufika asilimia 150 ya kiwango chako cha mwaka, lakini kuipata ile nyongeza ya majira ya joto unatakiwa uwe umejiandikisha angalau nusu muda, na nusu muda kwa kawaida ni krediti 6. Kalkulasi 2 peke yake ni 4. Watu wanakuja kugundua hili Juni wakiwa na bili mkononi. Ukiongeza kozi ya krediti 3 ili kuifikia 6, iwe nyepesi na ikiwezekana iwe kwenye muhula mdogo wa pili, wakati kalkulasi imeshakwisha.

Wenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kimataifa: kwa aliyemaliza mwaka wa masomo, majira ya joto ni likizo yake, halazimiki kusoma, na akisoma kozi moja haharibu chochote. Ila kama majira ya joto ndiyo muhula wako wa kwanza Marekani, mambo hubadilika. Pita ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kwanza.

Halafu kuna mtego wa Texas wenyewe. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyeanza chuo cha umma kuanzia muhula wa vuli wa 2007 ana haki ya kudropu kozi sita tu katika safari yake yote ya shahada. Kuna siku ya kuhesabu wanafunzi. Ukidropu kabla yake hakuna W. Kwenye muhula mrefu ni siku ya 12 ya masomo. Kwenye muhula wa wiki tano ni siku ya 4. Darasa likianza Jumatatu, Alhamisi imeshafika. Yaani una jioni tatu za kuamua kama hii kozi unaiweza, na ndiyo maana uamuzi inabidi uufanye kabla darasa halijaanza.

Ana kwa ana au mtandaoni? Ana kwa ana, kama una usafiri. Kozi ya mtandaoni isiyo na vipindi vya moja kwa moja inampa nafasi mtu wa kusema "nitaangalia video kesho," na kesho ya majira ya joto ina uzito wake: muhula wa wiki 5 unabeba mzigo wa wiki 16, kwa hiyo siku moja ukiumwa umekosa zaidi ya siku tatu za muhula wa kawaida.

Wiki mbili kabla ya siku ya kwanza

Hapa ndipo B yangu ilipopatikana. Sikusoma mbele hata ukurasa mmoja wa Kalkulasi 2, nilirudi nyuma.

Kinachowaangusha wengi kwenye hii kozi ni aljebra ya sekondari. Mwalimu atakuwa ubaoni anaeleza wazo jipya, na katikati atakamilisha mraba bila kusema neno. Wewe ukibaki unajiuliza ile 9 imetoka wapi, wazo jipya limepita. Kwa hiyo fanya mazoezi ya kugawanya polinomia kwa njia ndefu, kukamilisha mraba, kuvunja vigawe, kanuni za logi na vipeo. Trigonometria: ujue kwa moyo kwamba saini mraba jumlisha kosaini mraba ni 1, kwamba tanjenti mraba jumlisha 1 ni sekanti mraba, na fomula za pembe maradufu. Thamani za saini na kosaini kwa π/6, π/4 na π/3 zitoke kama jina lako.

Kisha dirivativi zote za Kalkulasi 1, hasa zile za tanjenti, sekanti na saini kinyume, maana intigrali ni kuzisoma hizo kinyumenyume. Malizia na njia ya kubadilisha kigezo, ile ya u. Kipimo changu kilikuwa hiki: intigrali kumi za u, dakika thelathini, bila daftari. Nilipopata nane nikajua niko tayari.

Waliosoma michepuo ya PCM au EGM Tanzania, yenye hesabu ya juu, wana mtaji hapa. Hesabu ya juu ya kidato cha sita inagusa intigresheni kwa vipande na kwa kuvunja sehemu, hata Maclaurin mtakumbuka. Waliotoka sekondari za Kongo upande wa hesabu na fizikia nao waliziona, wao wakiziita primitivu. Msibweteke tu, kusahau kupo. Waliomaliza kidato cha nne Kenya waliona mwanzo wa intigresheni ya polinomia, basi. Wao wiki hizi mbili ni za lazima.

Vifaa havigharimu. Kitabu cha OpenStax, kalkulasi juzuu ya 2, ni bure mtandaoni. Kinatolewa na Rice University ya hapo Houston. Maelezo ya Paul Dawkins wa Lamar University kule Beaumont nayo ni bure, yana mifano iliyofanywa hatua kwa hatua, na mimi niliyatumia kuliko kitabu nilichouziwa. Ukitaka kumsikiliza mtu akifundisha taratibu, mihadhara ya Professor Leonard iko YouTube, mirefu, mizuri. Ila majira ya joto huna muda wa video ya saa tatu kila siku; itumie pale tu ulipokwama.

Somo lenyewe linataka nini

Kwenye Kalkulasi 1 swali linakuambia cha kufanya: tafuta dirivativi. Unaona kuzidisha, unatumia kanuni ya kuzidisha. Kalkulasi 2 swali linakuwekea ∫ hapo na kunyamaza. Kazi ya kwanza ni kutambua ni njia ipi. Kukokotoa kunakuja baadaye, na wengi wakishaambiwa njia wanaweza.

Tatizo ni kwamba mazoezi ya kitabu yamepangwa kwa sura. Ukiwa kwenye sura ya intigresheni kwa vipande, maswali yote thelathini ni ya kwa vipande, unayachapa, unajiona bingwa. Mtihani unayachanganya. Ndipo mtu anatoka anasema "nilisoma mno lakini swali la tatu sikujua pa kuanzia." Kweli alisoma, ila hakuwahi kuchagua njia mwenyewe.

Dawa niliyoitumia ni kadi. Nilinunua pakiti moja, na kila siku baada ya darasa nikaandika intigrali mbili tatu, moja kwa kila kadi, bila jibu. Nyuma ya kadi naandika njia tu, kwa maneno mawili: "kwa vipande", "vunja sehemu", "saini kwa x". Jioni nachanganya kadi kama karata, natoa moja, nataja njia na sababu yake kwa sauti, nageuza. Sikokotoi. Kadi arobaini dakika kumi. Kukokotoa nilifanya kwenye kazi za nyumbani. Dada yangu alidhani nimeanza kucheza karata peke yangu.

Wiki kwa wiki

Mpangilio hutofautiana, walimu wengine huanza na maeneo na ujazo, wengine moja kwa moja na njia za intigresheni. Soma silabasi. Maeneo, ujazo wa maumbo yanayozungushwa, urefu wa mkunjo, kazi ya kuvuta maji kutoka kwenye tangi: hizi hazina ujanja mwingi, chora picha kubwa, andika kipande kimoja chembamba kina ukubwa gani, kisha jumlisha vyote. Asiyechora hukosea.

Njia za intigresheni zinataka subira. Chukua ∫ ln x dx. Inaonekana haina cha kushika, hakuna kuzidisha popote. Lakini weka u = ln x, na dv iwe dx iliyobaki. Basi du = (1/x) dx, na v = x. Unapata x ln x − ∫ x·(1/x) dx, ambayo ni x ln x − x + C. Sasa, usiende swali linalofuata. Tafuta dirivativi ya jibu lako: ln x + 1 − 1, yaani ln x. Imerudi ilikotoka. Sekunde ishirini, na unajua umepata kabla mwalimu hajasahihisha. Nashangaa watu wanavyoacha zawadi hii mezani. Na +C usiisahau. Kuna walimu wanakata alama kila mara bila huruma.

Kwenye intigrali zisizo za kawaida (improper), zile ambazo grafu inapaa bila kikomo au mpaka wenyewe hauna mwisho, mwenzangu mmoja alipoteza alama kumi kwa swali linaloonekana la mtoto: ∫ ya 1/x² kutoka −1 hadi 1. Aliandika −1/x, akaweka 1, akaweka −1, akapata −2. Hesabu zote sahihi. Lakini angalia: 1/x² haiwahi kuwa hasi hata siku moja, eneo chini yake litakuwaje hasi? Kwenye 0 ile grafu inapaa bila kikomo, na kanuni aliyotumia hairuhusiwi kuvuka hapo. Jibu ni kwamba eneo halina kikomo. Kabla ya kuweka namba, pitisha jicho katikati ya mipaka yako uone kama kuna mahali mgawanyo kwa sifuri umejificha.

Halafu inakuja mifululizo, na hapa darasa hupungua. Letu lilianza na watu ishirini na kitu. Siku ya mtihani wa mifululizo viti vya nyuma vilikuwa vitupu.

Ugumu wake ni kwamba haifanani na chochote ulichofanya nyuma. Unaulizwa: nikijumlisha namba zisizo na mwisho, jumla itatulia kwenye namba moja au itakimbia? Chukua 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 na kuendelea. Kila unachoongeza ni kidogo zaidi, kinaelekea sifuri, moyo unakuambia itatulia. Haitulii. Inatambaa polepole mno. Kuivuka 10 tu unahitaji kujumlisha namba 12,367, lakini itavuka kila namba utakayoitaja. Sasa weka mraba chini: 1 + 1/4 + 1/9 + 1/16. Hii inatulia, karibu na 1.645, na Euler ndiye aliyeonyesha kuwa ni π² gawanya kwa 6. Ukizikaa hizi mbili mpaka zikuingie, umeshika nusu ya sura: vipande kuelekea sifuri ni sharti, lakini hakutoshi. Kosa namba moja kwenye mtihani ni kuandika "vipande vinaelekea sifuri, kwa hiyo unatulia."

Mfululizo ukiwekwa mbele yangu nauliza maswali kwa mpangilio huu, na mpangilio wenyewe una maana kwa sababu unaanza na vya bei rahisi:

1. Vipande vinaelekea sifuri? Kama hapana, umemaliza, mfululizo unakimbia.
2. Ni mfululizo wa jiometria (kila kipande ni kilichotangulia mara uwiano ule ule), au ni 1 juu ya n kwa kipeo? Jiometria inatulia uwiano wake ukiwa kati ya −1 na 1. Ya kipeo inatulia kipeo kikizidi 1.
3. Kuna faktoria, au kitu kwa kipeo cha n? Kipimo cha uwiano. Mfano 2ⁿ/n!: kipande kinachofuata gawanya kwa hiki ni 2/(n+1), kinakwenda sifuri, unatulia.
4. Ni sehemu ya polinomia? Linganisha na vipeo vikubwa tu. n/(n²+1) kwa mbali inafanana na 1/n, nayo inakimbia kama ndugu yake.
5. Alama zinapishana, jumlisha, toa, jumlisha, toa? Jaribu bila alama kwanza. Ukikimbia bila alama, angalia kama vipande vinapungua kuelekea sifuri. Vikipungua unatulia, lakini kwa masharti.
6. Vyote vimegoma, kama 1/(n ln n)? Hapo ndipo utumie intigrali.

Andika jina la kipimo kwenye karatasi ya mtihani na useme masharti yake yametimia. Jibu sahihi lisilo na sababu hupata nusu ya alama, au hupati kitu. Na kadi za mifululizo zianze siku ile ile mada inapoanza, maana utambuzi huu haujengwi usiku mmoja. Huwa unakaa baada ya kulala juu yake mara tatu nne, na wiki tano zina usiku wa kuhesabika.

Mifululizo ya Taylor na Maclaurin inafuata, na ukiwa umeshika ya nyuma ni tamu. Kariri ya eˣ, saini, kosaini na 1/(1−x), zilizobaki nyingi utazipata kwa kuzipindapinda hizo nne. Kuratibu za polari mara nyingi hubanwa siku za mwisho. Chora grafu, jua fomula ya eneo, endelea.

Siku moja ilivyokuwa

Darasa saa tatu hadi saa sita kasoro. Chakula, nusu saa, simu mfukoni. Kisha sikuondoka chuoni. Hilo nalisisitiza: ukifika nyumbani umekwisha. Saa saba niko kituo cha msaada wa hesabu, bure kwa wanafunzi, nafanya kazi ya siku hiyo hiyo na wakufunzi wamekaa pale. Nikikwama dakika kumi na tano, nanyoosha mkono. Saa kumi nakwenda nyumbani, napumzika kweli. Saa mbili usiku kadi, halafu maswali matatu ya mada za wiki iliyopita, siyo ya leo. Saa nne nusu kitandani.

Kiporo kikiingia kwenye ratiba hii hakitoki. Ukikosa siku, mtafute mwalimu saa zake za ofisini kesho yake, usisubiri wikendi. Walimu wa majira ya joto wanajua kasi ni ya kichaa. Aliyekuja mapema wanamsaidia.

Kuhusu kudesa. Kazi za nyumbani nyingi ziko kwenye kompyuta, na programu za akili mnemba zitakufanyia zote kabla chai haijapoa. Kwenye mtihani uko peke yako na penseli, au mbele ya kamera, na huo ndio wenye alama. Mimi niliziruhusu kwa jambo moja: nimemaliza swali, nimekosa, sioni kosa, naomba lionyeshwe mstari gani. Desmos nayo nzuri kwa kuona grafu. Kikokotoo uliza kabla hujanunua. TI-84 mara nyingi inaruhusiwa, TI-89 inayofanya intigrali yenyewe mara nyingi hairuhusiwi, na walimu wengine hawataki kikokotoo chochote. Inachekesha kidogo, kampuni inayovitengeneza iko hapa hapa Dallas.

Maji yakifika shingoni

Baada ya mtihani wa kwanza, piga hesabu kwa baridi. Chukua uzito wa kila mtihani kwenye silabasi, weka ulichopata, tafuta unahitaji ngapi kwenye vilivyobaki ili ufike 70. Ikitoka 75, kaza. Ikitoka 95 na mifululizo bado haijaanza, tafuta tarehe ya mwisho ya W na uongee na ofisi ya misaada ya fedha kabla hujabofya chochote. W haiharibu GPA, lakini inahesabika kama kozi uliyojaribu bila kumaliza, na vyuo vingi vinataka uwe umemaliza karibu asilimia 67 ya ulivyojaribu ndipo uendelee kupata msaada. Ukijiondoa kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya msaada inaweza kudaiwa irudi. Kuacha tu kwenda darasani bila kudropu ndiyo njia mbaya kuliko zote. Unapata F na deni juu yake.

Kwa aliyepita: krediti haziendi chuo kikuu zenyewe. Alama zikishatoka, hakikisha kozi inaonekana kwenye transkripti, ndipo uagize transkripti rasmi itumwe. Ukiagiza siku mbili kabla, wanatuma ile isiyo na alama, unalipa tena. Subiri wiki moja, ingia kwenye akaunti yako ya chuo kikuu, angalia kama MATH 2414 imegeuka kuwa kozi yao. Isipogeuka, mfumo utakukatalia Kalkulasi 3 wakati nafasi zinajaa, na hapo ile barua pepe ya mshauri uliyoihifadhi Aprili ndiyo ya kuwapelekea.